Turbo mpya, waranti ya zamani

Gari lilinunuliwa jipya kwa waranti ya miaka mitatu. Mwezi wa 35 turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, inakufa, gereji ya wakala inakufungia mpya bure. Mwezi wa 38 hiyo mpya nayo inaanza kupiga mluzi. Nani analipa? Kwa mikataba mingi, wewe. Kifaa kilichobadilishwa ndani ya waranti hurithi muda uliobaki wa gari. Hakianzi kuhesabiwa upya. Ajabu ni kwamba turbo hiyohiyo ungeinunua kwa pesa yako, ukafungiwa hapohapo, mara nyingi ungepewa waranti yake yenyewe.

Mtengenezaji ana hoja. Aliahidi miaka mitatu ya gari, na saa ikianza upya kwa kila spea, gari hilo halitamtoka mikononi. Tena turbo hufa kwa sababu. Bomba linaloipelekea oili likiwa limeziba kwa oili iliyoungua, ukafunga mpya bila kugusa bomba wala filta, nayo itaungua vilevile. Ndiyo maana wauzaji wengi wa turbo hudai ushahidi kwamba oili, filta na bomba vilibadilishwa. Mafundi wa mtaani huona ni ujanja wa kukwepa. Mimi hapo nipo na muuzaji.

Ila gereji yake mwenyewe ikiwa ndiyo iliyofunga, namwacha. Bomba walikuwa nalo mbele ya macho. Mteja aliyebadilisha oili kwa wakati, risiti anazo, kosa lake ni lipi? Umoja wa Ulaya umeanza kulegeza: maelekezo yake ya 2024 yanamwongezea miezi 12 mnunuzi wa kawaida anayechagua bidhaa yake itengenezwe badala ya kupewa nyingine, ikiwa bado ipo ndani ya dhamana ya kisheria.

Kwetu dukani mjadala huu ni anasa. Risiti imeshagongwa "mali ikiuzwa hairudishwi", na spea za umeme ndiyo kabisa, hata ukirudi nazo saa hiyohiyo. Muungwana akikubali, atakupa kifaa kingine. Ufundi wa kufungua na kufunga ni juu yako.

Kwenye mashine ndipo panapouma zaidi, kwa sababu hata waranti nzuri kwa kawaida hailipi hasara ya kusimama. Pampu ya dizeli ya trekta ikisubiriwa wiki tatu msimu wa kulima, mwenye trekta atapewa pampu bure, na wateja wake watakuwa wameshalimiwa na jirani.