Michembe ya Dogo na Bando Langu

Saa mbili asubuhi nimejiunga bando la MB 500. Kabla ya saa tatu, meseji: "Ndugu mteja..." Sikuimalizia. Ndugu gani huyo anayekuja siku za msiba tu?

Na sikuangalia video hata moja. Nimepuli tu, yaani nimeshusha kwenye mashine yangu, kazi ya dogo anayetusaidia ule mfumo wa wauza dagaa wa Kirumba. Alichobadilisha yeye ni mstari mmoja: "Karibu" imekuwa "Karibuni". Mafaili mengine elfu kumi na ushee ni node_modules, folda ya paketi za kuazima ambazo kila mashine hujishushia yenyewe. Kaipakia nzima nzima, na dist, folda ya programu iliyokwisha kuundwa na mashine, juu yake.

Kuna mwenzetu wa Nyegezi hupakia .env, faili la siri za mfumo, na nywila zake zote. Huyo namwachia Mungu.

Basi nikamfuata dogo, nimevaa sauti ya utu uzima. "Mdogo wangu, package.json ndiyo orodha ya paketi, package-lock ndiyo vipimo, toleo gani hasa la kila paketi. Vinavyozalishwa na mashine kila mtu anajizalishia kwake. Tunahifadhi unga, hatuhifadhi ugali."

"Kaka, mbona kiporo tunanywea chai?"

"Ni mfano tu, dogo."

"Sawa. Lakini siku huna bando, hizo paketi utazitoa wapi? Bibi yangu Misungwi anaanika michembe viazi vikiwa bado vipo. Kiangazi kikifika, jirani ndiye anayekuja kuomba."

Nikakohoa. Utamjibu nini, na bando lenyewe huna? Nikamwamuru aandike node_modules kwenye .gitignore, orodha ya vitu ambavyo Git, daftari la mabadiliko ya kazi yetu, isivichukue. Kaandika, kapushi (kapakia), mafaili yako palepale yanatukodolea macho. Git ikishaanza kulifuatilia faili, .gitignore hailioni tena, mpaka uandike git rm -r --cached; hiyo --cached ndiyo inayosema liondoke kwenye Git tu, kwenye mashine libaki. Na hapo bado uzito unabaki kwenye historia; kila atakayekloni, yaani kunakili mradi mzima, ataubeba. Nikamtajia amri neno kwa neno. Akashika rm -r, hiyo --cached ikapita na upepo wa ziwani. Folda ikafutika mpaka kwenye mashine yake.

Akanigeukia, mpole kama mtoto wa kipaimara: "Kaka, niwashie hotspot nizishushe upya."

Hotspot! Ya bando lipi, we mtoto? La bibi yako?

Nimeondoka bila kuaga. Nimekopa bando, wamekata chao kwanza. Nikapita sokoni walau nipate mboga: fungu la dagaa la buku siku hizi unaweza ukawapa majina wote, halafu mama ananiuliza kama nahitaji mfuko. Mfuko wa nini, mama? Si nitawashika tu mkono tutembee wote mpaka Igoma.