Sindano ya mgongo kwa mwenye VVU, ndugu wanaogopa bure?

Mtu anaishi na VVU, kichwa kinamgonga wiki ya pili sasa, panadol hazishiki, malaria kapima hana, ameanza kuona vitu viwili viwili, anafikishwa hospitali daktari anasema tutoe maji ya uti wa mgongo, ndugu wote wanagoma. Akichomwa hiyo hatoki, wanasema.

Mi siwacheki, wanasema walichokiona. Mgonjwa anapitishwa duka la dawa, zahanati, maombi, anafika wodini hajitambui, anachomwa leo kesho anafariki, hapo utawaambia nini? Na maelezo mara nyingi hamna, wanaletewa fomu wasaini.

Ila daktari naye ana hoja nzito. Mara nyingi shida ni fangasi anaitwa kriptokokasi, anakaa kwenye udongo na kinyesi cha njiwa, unamvuta kwa pua, CD4, zile chembe za kinga kwenye damu, zikishuka chini ya 100 anapata nafasi ya kupanda kichwani, kule anaziba njia za maji ya ubongo kutoka na presha inapanda mpaka macho yanapotea. Presha hiyo ikivuka sentimita 25 za maji, kuyatoa maji ndo tiba yenyewe, siyo kipimo tu, na inaweza kurudiwa hata kesho yake, kuna mtu alikuwa analia kwa kichwa yakitolewa anakaa anaomba uji. Habari ya kupooza nayo, sindano inaingia chini kiunoni, uti wenyewe, ile kamba ya neva iliyo ndani ya mgongo, umeshaishia juu ya hapo.

Kuna hofu moja lakini ni ya haki kabisa. Kama kichwani kuna uvimbe, mfano wa toksoplasma (kimelea kingine kinachoshambulia ubongo), kutoa maji kunaweza kuleta balaa, kwa hiyo aliyelegea upande mmoja au anayepata degedege apigwe CT-skani kwanza, na hiyo mashine hospitali nyingi za wilaya haipo. Ndugu anayeuliza "mmempiga picha ya kichwa?" sio mkorofi jamani.

Na hata tiba nzuri ina mwisho wake. Utafiti uliotoka 2022, uliofanyika Uganda, Malawi na nchi nyingine tatu za kusini, ulionyesha dripu moja kubwa ya amfoterisini, dawa ya kuua fangasi, na vidonge vya wiki mbili vinatosha, afadhali kuliko dripu za kila siku zinazochosha figo, lakini bado karibu 25 kati ya 100 walifariki ndani ya wiki 10.

Kwangu mimi kugombana pale kitandani ni kuchelewa. Fangasi huyu anaonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijauma, na Dar na Lusaka walipowapima wenye CD4 chini ya 200 wanaoanza ARV, wakawatibu mapema na kuwafuata nyumbani, vifo vilipungua kwa 28%. Sasa 2015 WHO ikasema kila mwenye VVU aanze dawa bila kungoja CD4, jambo zuri, watu hawazungushwi tena, ila vituo vingine kipimo cha CD4 kikasahaulika humohumo, na bila CD4 nesi wa kliniki atajuaje nani wa kumpima huyo fangasi?