Faini ya kitabu haijui maji kupwa

Jamani, hii faini ya kuchelewesha kitabu itanitoa roho. Mimi nakaa Faza, kisiwani Pate. Kuja Amu (Lamu) mjini ni boti, na boti hupita mkondo wa Mkanda; maji yakipwa hapapitiki, nahodha angoja yajae nawe wangoja naye. Juzi nimeshuka gatini saa saba kasoro, nikakata vichochoro mbio, kitabu cha mwanangu nimekizungushia leso kisirowe. Mlango wa maktaba umefungwa. Mhudumu kaenda kula.

Aliporudi akafungua daftari, akahesabu kwa ncha ya kalamu. "Siku tatu, mama." Nikamweleza habari ya maji. "Sheria ni sheria."

Na kukiazima kwenyewe ilikuwa kazi! Mdhamini lazima awe na mhuri wa ofisi. Mume wangu mvuvi, kaka zangu wavuvi. Mhuri tuugonge kwa wino wa pweza?

Halafu mara moja kwa mwaka watu wa maktaba huja kwetu na bango la huduma kwa jamii, wakapiga picha na watoto, wakarudi na vitabu vyao. Garissa vitabu vilianza kupandishwa ngamia mwaka 1996 kuwafuata wafugaji. Sisi kisiwa cha Pate, ambako watu wa Siyu walinakili misahafu kwa mkono, hatupati hata kasha moja kwenye boti zinazobeba soda na magodoro kila siku.

Nimelipa. Nikaazima kingine. Kufika nyumbani natazama tarehe ya kurudisha: Jumapili, siku wasiyofungua.