Upole wa Wilco haukuwa uchovu
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai kwamba Sky Blue Sky, albamu ambayo Wilco, bendi ya roki ya Marekani, waliitoa mwaka 2007, ilipokewa kwa ubaridi kwa sababu bendi ilikuwa imechoka na kuishiwa mawazo. Nami naona amechukua hukumu ya Pitchfork, jarida la muziki la mtandaoni, walioipa alama 5.2 kati ya 10 na kuibandika jina la "roki ya akina baba", akaifanya kuwa hukumu ya wote. Wasikilizaji hawakuipa kisogo, kwani iliingia moja kwa moja katika nafasi ya 4 ya chati ya Billboard 200 nchini Marekani, kisha ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy ya albamu bora ya roki. Ni kweli kwamba waliozoea mikwaruzo ya Yankee Hotel Foxtrot, albamu yao ya mwaka 2002, walivunjika moyo, na wengine walikereka zaidi (kwa haki, nadhani) waliposikia nyimbo za Sky Blue Sky katika matangazo ya magari ya Volkswagen. Mimi mwenyewe niliiweka kando baada ya kuisikiliza mara mbili, nikairudia miaka kadhaa baadaye, usiku, nikiwa nimevaa hedifoni, na ndipo nilipouelewa wimbo wa "Impossible Germany": gitaa la Nels Cline, mpiga gitaa wa bendi, linaanza kama mtu anayenong'ona, linapanda taratibu bila haraka yoyote, halafu magitaa mengine yanaungana na kulijibu, kazi ambayo bendi iliyochoka isingeiweza. Je, miongoni mwenu yupo aliyeipenda tangu siku ya kwanza?