Picha Bila Sauti

Kenya tukishapiga kura, kila kitu kinasimama isipokuwa tumbo. Tulipiga Jumanne, tarehe 9 Agosti 2022. Leo Jumatatu tarehe 15, sina rais, sina mteja. Maduka ya mtaani yamefungwa, nami nimehamishia cherehani sebuleni. Shule zilifungwa kupisha uchaguzi, tarehe ya kufungua ikasogezwa, ikasogezwa tena, kwa hiyo watoto nao wako sebuleni. Shemeji yuko sebuleni.

Huyu shemeji, ndugu ya mke wangu, alipiga kura kwao kisha akapanda gari usiku uleule kuja kwangu, eti matokeo yanataka kusikilizwa karibu na Bomas, ukumbi wa Nairobi ambako kura za urais zinajumlishwa. Kutoka hapa hadi Bomas ni matatu mbili na kutembea. Lakini ukimwambia mgeni kwamba redio ipo hata kijijini, mke ataniuliza nina maana gani.

Wiki nzima nimeishi na runinga inayobishana na nafsi yake. Kituo hiki mgombea anaongoza. Bonyeza rimoti, kituo cha pili yuko nyuma. Bonyeza tena, wanakaribia kulingana. Mtu huyohuyo ndani ya dakika moja ameshinda, ameshindwa na ametoka sare, na mimi sijainuka kwenye stuli. Baadaye vituo vikapunguza kuhesabu, tukaachiwa wachambuzi. Mchambuzi ni mtu anayevaa tai kukuambia kwamba tusubiri.

Tume ya uchaguzi nayo, kwa nia njema, iliweka mtandaoni Fomu 34A, ile ya matokeo ya kila kituo cha kupigia kura, ili kila mwananchi ajionee mwenyewe. Vituo vya kupigia kura ni 46,229. Haikusema ajionee kwa bando la nani. Shemeji alichukua simu yangu, akachukua daftari la mtoto la hesabu, akaanza kujumlisha. Hajamaliza hata eneobunge moja, ila kila nikimkaribisha chakula ananyoosha kidole juu: ngoja, nina mia tatu kichwani. Chakula chenyewe hakikosi. Serikali ilishusha unga hadi shilingi 100 kwa pakiti ya kilo mbili mwezi uliopita, lakini sidhani waliopiga hesabu hiyo walimwona shemeji akila ugali.

Sasa, jirani wa ghorofa ya juu ni mwalimu wa muziki. Nilimkatia suruali tatu, hela hana, akanipa flashi iliyojaa muziki wa Kizungu wa zamani, ule wa violini nyingi na mtu mmoja wa kupunga kijiti. Nilimkasirikia. Wa aina hiyo nilijua mmoja tu, "Hallelujah" ya Handel, na huo kwa sababu kwaya ya kanisani kwetu huupigania kila Krismasi. Lakini leo asubuhi, mchambuzi wa tatu alipofungua mdomo, nilizima sauti, nikaacha picha, nikachomeka flashi kwenye spika.

Wa kwanza ukawa Bolero ya Ravel. Ngoma inagonga mdundo mmoja, wimbo unarudi uleule, robo saa nzima, kinachozidi ni kelele tu. Nikamtazama mchambuzi anavyopanua mdomo. Ah! Vilienda pamoja kama ugali na sukuma. Watoto wakanyamaza. Cherehani ikashika mwendo, nikamaliza pindo la gauni bila kuuma ulimi hata mara moja.

Tuliambiwa rais atatangazwa saa tisa. Saa tisa ikafika peke yake. Kule Bomas wakawapandisha Redfourth Chorus waimbe, na hapo tu ndipo niliporudisha sauti ya runinga. Vijana wale waliimba! Wakubwa wamekaa na nyuso za watu wanaosubiri kung'olewa jino, na kwaya inapanga sauti nne juu yao. Kwa maoni yangu wangeachwa waendelee hadi 2027.

Halafu makamishna wanne kati ya saba wa tume wakaonekana hoteli ya Serena, wanasema matokeo yatakayotangazwa hawayatambui. Mwalimu, aliyekuwa ameshuka kuangalia runinga yangu kwa sababu yake haina stima, akacheka peke yake. Akaniambia kuna simfoni ya Haydn, ya 1772. Mwana mfalme Esterházy aliwaweka wanamuziki kwenye kasri lake la mashambani kupita muda, wake zao wako mbali, hakuna anayethubutu kumwambia. Haydn akatunga kipande ambacho mwishoni mpigaji mmoja anamaliza sehemu yake, anazima mshumaa, anaondoka. Kisha mwingine. Hadi wanabaki wawili na violini zao. Mwana mfalme akaelewa, kesho yake watu wakafunga mizigo.

"Ipo kwenye flashi?" nikamuuliza, jicho langu liko kwa shemeji.

Ipo. Nikaiweka kwa sauti ya juu. Bomas kukawa na purukushani jukwaani, watu wanasukumana kimyakimya juu ya violini, kisha Chebukati, mwenyekiti wa tume, akasimama na karatasi. Namba zikapita chini ya skrini: Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930. Mtaa mmoja ukapiga vuvuzela, wa pili ukazima taa. Kwangu Haydn alikuwa amefika kwenye kuondoka. Nikaona nisaidie. Nikazima taa ya jikoni. Nikazima ya koridoni. Nikamwangalia shemeji kwa heshima zote.

Shemeji akafunga daftari, akajinyoosha kwenye kochi.

"Kesi itaenda Mahakama ya Juu," akasema. "Siku saba za kuwasilisha, kumi na nne za kuamua. Hiyo nayo hatuwezi kuisikilizia kijijini, shemeji. Washa taa ya jikoni, dada anapika gizani."