Sindano za Morisi na kalamu ya waziri

Tukizungumzia UKIMWI visiwani, hoja moja haikosekani barazani: visiwa vidogo vina nafuu. Watu wachache, kiwanja cha ndege kimoja, hospitali za kuhesabika, maradhi yatajificha wapi? Mimi hoja hii siiafiki, na Morisi (Mauritius), nchi ya kisiwa katika Bahari ya Hindi, ndiyo inayonipa jeuri ya kuikataa.

Nchi ile ina watu milioni 1.2 hivi, na matibabu katika hospitali za serikali ni bure. Mgonjwa wa kwanza wa VVU alijulikana mwaka 1987, na kwa miaka mingi baada ya hapo idadi ilibaki ndogo. Kisha virusi vikapata njia ya sindano. Mwaka 2005 pekee waligundulika watu wapya 921, na katika kila 100 kati yao, 92 ni wanaojidunga dawa za kulevya. Kisiwa ambacho ukiendesha gari asubuhi unaweza kukizunguka chote kabla ya jua kuzama!

Waliojidunga walikuwa wanatumia heroini, na wengine Subutex. Hiki ni kidonge halali, daktari humpa mtu anayetaka kuacha unga, akiweke chini ya ulimi kiyeyuke taratibu. Kiliingia Morisi kwa magendo kutoka Ufaransa. Mtaani hakikuwekwa chini ya ulimi: kilisagwa, kikakorogwa na maji, kikavutwa kwenye bomba la sindano, na bomba hilo likapita mkono hadi mkono. Ndipo udogo wa kisiwa ulipogeuka balaa. Watu ni wale wale, maskani ni yale yale, kwa hiyo virusi vikiingia kwenye kikundi kimoja havina safari ndefu ya kufika kikundi cha pili. Na kwa nini mtu asinunue sindano yake? Kwa sababu kukutwa nayo mfukoni ni kumpa polisi ushahidi, na kuinunua kwenye duka la dawa mtaani kwenu ni kujitangaza. Muuzaji anamjua mama yako.

Hilo la kujuana ndilo wanaosifu udogo hulisahau. Mtu wa kwanza Morisi kusema hadharani kwamba anaishi na VVU ni Nicolas Ritter, aliyeanzisha shirika la kupambana na UKIMWI la PILS mwaka 1996. Kwenye jiji la watu milioni kumi unaweza kusema hivyo kisha ukahamia mtaa mwingine. Kisiwani unahamia wapi?

Basi mwaka 2006, moto ukiwa umeshawaka, Morisi ilifanya mambo ambayo serikali nyingi za Afrika wakati ule hazikutaka hata kuyasikia. Methadoni, dawa ya kunywa inayomsaidia mtu kuacha heroini, ilianza kutolewa mwezi Novemba. Mwezi Desemba Bunge likapitisha Sheria ya VVU na UKIMWI, iliyolinda siri ya mpimwaji, ikamruhusu hata aliye chini ya miaka 18 kupima bila kusubiri ruhusa ya mzazi, na ikahalalisha ugawaji wa sindano safi kwa wanaojidunga: leta iliyotumika, chukua mpya. Serikali ikagawa kwa magari yake, mashirika ya kiraia kwa watu wao. Kufika 2013, wanaojidunga walikuwa wamepungua hadi chini ya nusu ya maambukizi mapya, na ile idadi ya 2005 haijarudi tena.

Habari ingeishia hapo ningesema hongera nikanyamaza. Lakini mwaka 2015 waziri wa afya wa wakati huo, Anil Gayan, alisimamisha kuandikisha watu wapya kwenye methadoni, akitaka dawa nyingine zichukue nafasi yake. Waliokuwa wameshaandikishwa waliendelea, ila dozi zikahamishiwa kwenye viwanja vya vituo vya polisi, alfajiri. Hebu ifikirie foleni hiyo. Dozi ni ya kila siku, unakunywa kikombe kidogo mbele ya mtoa dawa ili ahakikishe umemeza, kisha unakimbilia kazini. Fundi ujenzi, dereva, mama mwenye mtoto wa kupeleka shule, wote wamejipanga uwanjani kwa polisi huku barabara inaamka na wanaopita wanahesabu nyuso. Unamtibu mtu kwa mkono mmoja, kwa mwingine unamwanika.

Milango ilifunguliwa tena mwaka 2017, waziri akiwa mwingine. Wizara ni ile ile, wagonjwa wale wale, kilichobadilika ni mwenye kalamu. Lakini ugawaji wa sindano haukusimama katika miaka hiyo yote, na naamini sababu kubwa ni kwamba ulikuwa umeandikwa kwenye sheria. Methadoni ilikuwa programu tu, na programu waziri huizima kabla ya chai ya saa nne.

Nayaandika haya nikiitazama Unguja. Sisi nasi kwa ujumla maambukizi ya VVU yako chini ya asilimia 1, tunapenda sana kuitaja takwimu hiyo kwenye semina, ila miongoni mwa wanaojidunga tafiti zimewahi kukuta zaidi ya asilimia 10. Methadoni tunayo, katika hospitali ya Kidongo Chekundu, tangu 2015. Soba hausi, yaani nyumba za kuwasaidia watu kuacha unga, tunazo, nyingi zikiendeshwa na watu walioutumia unga wenyewe wakauacha, na kwa maoni yangu hao wameokoa vijana wengi kuliko makongamano yote tuliyokalishwa. Sindano ndiyo hatutaki kuigusa. Methadoni ilikubalika kwa kuwa inanywewa kikombeni mbele ya muuguzi, inafanana na dawa; sindano inafanana na dhambi. Mombasa mwaka 2012 mradi wa kugawa sindano safi ulipoanza, viongozi wa dini walikuja juu, na hoja yao naifahamu, nimekulia ndani yake: unamsaidia mtu kuasi. Jibu langu ni kwamba teja ana mke, na mke huyo hajawahi kushika bomba maishani mwake, lakini virusi vitamfikia. Nani anamtetea yeye?

Nisingependa tuige kila kitu cha Morisi, na foleni ya polisi wabaki nayo wenyewe. Ninachokitaka ni kile kifungu cha sheria. Miradi yetu mingi inaishi kwa fedha za wafadhili na kwa huruma ya aliyepo ofisini, vitu viwili ambavyo huondoka bila kuaga. Kwa hiyo mwakilishi wa jimbo letu akija tena kuomba kura, nitamuuliza jambo moja tu: kijana akikamatwa na sindano safi aliyopewa na mhudumu wa afya, askari atamfanya nini, na imeandikwa wapi?