Mji Ulioambiwa Usikodoe Macho

Zikitajwa habari za marubani wa kivita wa Uingereza wa mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wengi huwaza vijana watanashati wenye skafu shingoni, mabinti wakiwagombania. Mimi huwawaza zaidi walioungua. Ndege yao ya kivita ya Hurricane ilikuwa na tangi la mafuta mbele ya rubani; likipigwa risasi, moto ulimvamia usoni na mikononi kabla hajaruka nje kwa mwavuli. Kijana wa miaka ishirini na kitu anaokolewa akiwa hana kope, pua imeisha, vidole vimekakamaa. Nani atamtaka?

Wengi walipelekwa hospitali ya Queen Victoria katika mji mdogo wa East Grinstead, kusini mwa London, kwa daktari mzaliwa wa New Zealand, Archibald McIndoe. Upasuaji wake umesifiwa vya kutosha: alitumia bafu za maji ya chumvi baada ya kubainika kwamba walioangukia baharini walipona vizuri zaidi, na alihamisha ngozi kutoka sehemu nyingine za mwili hadi mtu akapata pua mpya. Kinachonivutia mimi ni alichofanya nje ya chumba cha upasuaji. Aliwaacha wavae sare zao za jeshi badala ya nguo za wagonjwa. Wodini kulikuwa na pipa la bia. Aliwasukuma watoke, waende baa na sinema, hata kama kipande cha ngozi bado kinaning'inia usoni. Kisha akawaendea wenyeji na kuwaomba wawakaribishe vijana hao majumbani mwao, wasiwakodolee macho wala kuwakwepa.

Julai 1941 wagonjwa wakaanzisha chama chao, Guinea Pig Club, kwa jina la mnyama anayefanyiwa majaribio maabara, kwani ndivyo walivyojiona mbele ya kisu cha daktari. Mhazini wa kwanza alikuwa ameungua miguu, asije akakimbia na fedha. Katibu alikuwa ameungua vidole, kwa hiyo hangewachosha kwa kumbukumbu ndefu za vikao. Ni utani mkali, wa aina ile watani wanayoimwaga msibani kwetu, na nadhani uliwaponya kuliko pole za watu. Kufikia mwisho wa vita wanachama walikuwa 649. Baadhi yao walioa wauguzi waliowahudumia, wengine mabinti wa mji uleule.

Hadithi tamu, lakini ina doa. Inasimuliwa kwamba McIndoe alipenda wauguzi warembo, na kwamba walitarajiwa kuvumilia mizaha ya wagonjwa, na mikono yao pia. Sehemu ya faraja ile ililipiwa na wasichana ambao hawakuulizwa. Tena wagonjwa hawa walikuwa askari wa anga. Mama aliyeunguzwa na bomu jikoni kwake London hakuwa na sare ya kulielezea kovu lake.

Hata hivyo, sikubali kwamba watu wa East Grinstead walikuwa na roho nzuri kuliko sisi tunaokwepa kiti cha daladala kilicho karibu na mwenye makovu usoni. Wao waliombwa na mtu waliyemheshimu, wakaona aibu kukataa, halafu wakazoea. Kwetu mgonjwa wa moto huruhusiwa kutoka na bandeji na tarehe ya kliniki, na mtaani anakorudi hakuna aliyetumwa kwenda kuzungumza na majirani.